Waliolala Chini ya Zinki

Nyumba, hata ikiwa na kuta imara kiasi gani, haiitwi nyumba mpaka imeezekwa. Kabla ya hapo ni boma tu. Kwa sababu hiyo tumezoea kudhani kwamba paa ni mali ya wote waliomo ndani, na kwamba likishawekwa humkinga kila mmoja sawasawa. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa sivyo. Historia ya paa moja mashuhuri, paa la zinki la mji wa Paris, inatufundisha kwamba paa laweza kuwakinga vizuri walio mbali nalo na kumwacha aliye karibu nalo akiungua. Nimelichagua paa hilo kwa sababu nililala chini yake kwa miaka minane, tangu 1996 hadi 2004, na dirisha langu lilikuwa mojawapo ya yale madirisha madogo ambayo watalii hupenda kuyapiga picha.

Kwa msomaji ambaye hajayaona madirisha hayo, ni vema nieleze. Nyumba za nchi za baridi huwa na paa lenye mteremko mkali, na ndani ya paa hubaki nafasi kubwa yenye giza. Zamani nafasi hiyo ilikuwa ya kuwekea nafaka, kuni na vitu vikuukuu. Ukitaka binadamu akae humo, hapana budi utoboe mteremko na kusimamisha dirisha wima. Nalo dirisha wima haliwezi kukaa juu ya mteremko bila kujengewa kibanda chake: uso wa mbele wenye kioo, mashavu mawili ya pembeni yenye umbo la pembetatu, na kijipaa juu. Kwa hiyo kila dirisha la paani ni nyumba ndogo iliyopandishwa juu ya nyumba kubwa. Lina kuta zake, paa lake na viungo vyake vingi. Na kama kila fundi ajuavyo, penye viungo vingi ndipo penye kuingia maji, upepo, baridi na joto.

Wafaransa wameliita paa la namna hii kwa jina la msanifu François Mansart, aliyeishi kati ya 1598 na 1666. Kwa hakika si yeye aliyelibuni. Karne moja kabla yake Pierre Lescot alikwisha kujenga paa kama hilo katika jumba la Louvre. Mansart alilitumia sana, na jina likamganda. Umbo lake ni la mikunjo miwili: sehemu ya chini imesimama karibu kama ukuta, na ya juu imelala. Faida yake ni dhahiri. Paa la kawaida huacha pembe za chini ambazo mtu hawezi kusimama, lakini paa la mikunjo miwili huacha chumba kamili, au karibu kamili.

Hata hivyo, si uzuri wa umbo ulioujaza mji wa Paris mapaa hayo, bali sheria. Tangu 1783 na 1784 serikali ya mfalme iliweka kikomo cha kimo cha majumba kulingana na upana wa barabara. Baadaye, wakati Baron Haussmann alipokuwa mkuu wa wilaya ya Seine, kuanzia 1853 hadi 1870, na mji ukibomolewa na kujengwa upya, amri ya 1859 iliruhusu kuta za mbele kufikia mita 20 kwenye barabara zenye upana wa mita 20 au zaidi. Juu ya hapo ukuta haukuruhusiwa kupanda tena. Paa ndilo lililoruhusiwa, mradi lisivuke mstari wa nyuzi 45. Mwenye jumba akakokotoa hesabu yake. Kama ukuta umekatazwa na paa limeruhusiwa, basi watu na wakae ndani ya paa. Ndivyo orofa ya sita ilivyozaliwa, na ndivyo madirisha ya paani yalivyojipanga maelfu kwa maelfu.

Sasa paa hilo liezekwe kwa nini? Vigae ni vizito, na katika sehemu ya juu iliyolala havifai, kwa kuwa maji hurudi nyuma. Risasi ni nzito zaidi na ni ghali. Jibu likapatikana katika zinki. Mwanzoni mwa karne ya 19, Jean-Jacques Daniel Dony wa mji wa Liège alipata njia ya kuyeyusha madini ya zinki ya Moresnet, na mwaka 1837 ikaundwa kampuni ya Vieille-Montagne iliyosambaza mabamba ya zinki kote Ulaya. Bamba la zinki halizidi unene wa milimita moja, ni jepesi, hukunjwa baridi kwa mkono na nyundo, na halipati kutu nyekundu. Kwa mwenye mali ni neema.

Ni katika mwaka huohuo wa 1837, na katika nchi hiyohiyo ya Ufaransa, mhandisi Stanislas Sorel alipopata hataza ya kuvisha chuma ngozi ya zinki. Ukiunganisha ujuzi wa Sorel na wa Mwingereza Henry Robinson Palmer, aliyebuni chuma cha mikunjomikunjo mwaka 1829, unapata bati. Naam, bati hilihili tulijualo, lililotufikia Afrika Mashariki katika meli za wafanyabiashara na wakoloni, likaezeka stesheni za reli na nyumba za kwanza za Nairobi, kisha likaanza kuyaondoa makuti na nyasi kijiji baada ya kijiji. Mtu aliyelala chini ya bati huko Manzese na mtu aliyelala chini ya zinki huko Paris ni ndugu wa ukoo mmoja wa madini.

Nao wote wawili walitambua jambo ambalo muuza bati hakulitaja. Madini hayo hayavuji, lakini hayana subira. Jua likichomoza, yamekwisha pata moto. Likizama, yamekwisha poa. Wakati wa kiangazi zinki ya Paris hupita nyuzijoto 60, na wakati wa kipupwe huwa barafu. Makuti na nyasi, pamoja na udhaifu wake wote wa kuoza na kushika moto, yamejaa hewa iliyotulia katikati ya vikonyo vyake, na hewa iliyotulia ndiyo kihami bora cha joto. Tulipobadilisha makuti kwa bati tulipata paa lisilovuja, tukapoteza kihami bila kujua kwamba tulikuwa nacho.

Basi nani aliyewekwa chini ya zinki? Si mwenye jumba. Katika jumba la Paris la karne ya 19 kabla ya lifti, cheo kilishuka kadiri ngazi zilivyopanda. Orofa ya pili ilikuwa ya wenye nafasi, yenye dari ndefu na roshani. Orofa ya sita ilikuwa ya watumishi, hasa wasichana waliotoka mashambani, wengi wao kutoka Bretagne. Walipewa ngazi yao wenyewe upande wa nyuma ili wasikutane na wageni, bomba moja la maji kwenye ujia, na choo kimoja kwa watu kumi au zaidi. Émile Zola aliwaweka wasichana hao katika riwaya yake ya *Pot-Bouille* ya mwaka 1882, na mmoja wao, Adèle, anajifungua peke yake chumbani darini, huku mabwana wakilala chini yake.

Mtu atasema kwamba enzi hizo ujuzi wa kuhami joto haukuwepo. La hasha. Unga wa mbao, majani makavu na magamba ya mkoki, yaani ule mti wa kutengenezea vizibo, vilijulikana. Mwaka 1876 Charles Tellier alituma meli yake iitwayo *Le Frigorifique* kutoka Rouen hadi Buenos Aires ikiwa na vyumba vya baridi vya kuhifadhia nyama, na chumba cha baridi kisichohamiwa hakiwezi kuvuka mstari wa Ikweta. Viwanda vya bia navyo vilifunika kuta za maghala yao kwa magamba ya mkoki. Ujuzi ulikuwepo, na ulitumika pale ambapo hasara ya joto ilihesabiwa kwa fedha. Nyama ikioza, mwenye nyama hupata hasara. Mtumishi asipopata usingizi, asubuhi ataamka tu.

Baada ya vita kuu mbili watumishi wakapungua, na vyumba vyao vikapangishwa. Wakaingia wanafunzi, vibarua, wahamiaji, na wazee ambao pensheni yao haikuwatosha kushuka orofa za chini. Mimi niliingia mwaka 1996. Ujia wetu ulikuwa na vyumba tisa. Jirani yangu wa kulia alikuwa mlinzi wa usiku kutoka Mali, ambaye ilimbidi alale mchana, saa ambazo zinki huwa katika ukali wake. Wa kushoto alikuwa bibi wa Kibretoni aliyepindukia miaka 80. Alikuja Paris akiwa msichana kufanya kazi ya ndani katika jumba lilelile, waajiri wake wakafa, watoto wao wakauza, yeye akabaki. Alisema kwamba amelala chini ya dirisha lile kwa miaka zaidi ya 60 na hajapata hata mara moja kupanda kwa lifti, kwa kuwa lifti iliishia orofa ya tano.

Agosti 2003 joto likaja. Msomaji wa nyumbani anaweza kutabasamu akisikia kwamba watu walikufa kwa nyuzijoto 39, joto ambalo kwetu si geni. Lakini kilichoua kilikuwa usiku zaidi ya mchana. Usiku wa kuamkia tarehe 12 joto halikushuka chini ya nyuzi 25 hata nje, na chini ya zinki usiku haukuwepo kabisa. Mwili wa mzee huhitaji saa chache za kupoa ili moyo upumzike. Asipozipata siku tatu, nne, tano mfululizo, moyo hushindwa. Katika siku ishirini za kwanza za mwezi ule Ufaransa ilipoteza watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida, na jijini Paris idadi ya vifo ilizidi maradufu. Tarehe 3 Septemba marehemu 57 ambao hakuna jamaa aliyejitokeza kuwadai walizikwa pamoja katika makaburi ya Thiais, na Rais Jacques Chirac akahudhuria.

Baadaye watafiti wa afya walilinganisha wazee waliokufa majumbani na wazee wa rika lao walionusurika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006. Pamoja na maradhi na kutoweza kutembea, yalijitokeza mambo mawili yahusuyo jengo lenyewe: nyumba isiyo na kihami cha joto, na chumba cha kulala kilicho moja kwa moja chini ya paa. Kwa maneno mengine, ujenzi wa 1859 ulikuwa bado unaua mwaka 2003. Bibi yetu alinusurika kwa sababu msimamizi wa jengo alimteremsha akamlaza kwenye chumba cha chini kilichokuwa na sakafu ya mawe. Chumba kile kilikuwa stoo ya mapipa ya takataka.

Mwaka uliofuata wenye jumba walilazimika kukarabati paa, si kwa ajili ya joto bali kwa sababu lilivuja hadi orofa ya tano. Mafundi walipofunua zinki juu ya chumba changu nilipanda kutazama. Nilitaka kujua ni nini kilichokuwa baina yangu na mbingu. Niliona zinki, mbao nyembamba zilizopachikwa kwa nafasi, makombamoyo, fito, na plasta. Hakuna kingine. Unene wote ulikuwa kama shubiri moja, na sehemu kubwa yake ilikuwa hewa iliyokuwa ikipita. Kwenye mashavu ya dirisha hata hiyo haikuwepo: zinki nje, ubao katikati, plasta ndani, jumla vidole vitatu.

Fundi mkuu, Mreno mwenye umri wa miaka hamsini hivi, alinieleza ugumu uliopo. "Mteremko ni kazi rahisi," alisema. "Tunajaza sufu ya kioo katikati ya makombamoyo, tunaacha nafasi ya hewa ipite chini ya zinki, tumemaliza. Dirisha ndilo lenye matata." Nafasi ile ya hewa ni lazima, maana mvuke wa kupika na wa kufua hupanda, hugota kwenye zinki baridi na kuwa maji, na zinki inayolowa upande wa chini bila kupata hewa huliwa polepole hadi itoboke. Lakini kila dirisha la paani huikata njia ya hewa hiyo, na fundi asipoipitisha kando ya dirisha, anakuwa ameulisha ugonjwa. Ndani, mvuke uzuiwe kwa karatasi ya nailoni isiyo na tundu; na pale shavu linapokutana na mteremko kuna pembe saba au nane za kuziba kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kisha linabaki shavu lenyewe. Ukilinenepesha kwa nje, dirisha linaonekana kama mtu aliyevimba mashavu, na wakuu wa hifadhi ya majengo hawakubali sura ya barabara ibadilike. Ukilinenepesha kwa ndani, unakula mwanga na nafasi.

Nafasi hiyo ilikuwa na bei. Amri ya Januari 2002 inasema kwamba chumba cha kupangisha sharti kiwe na angalau mita za mraba 9 zenye kimo cha mita 2.20, au kwa jumla mita za ujazo 20. Changu kilikuwa mita 3.8 kwa 2.4, yaani mita za mraba 9.12. Ongeza kihami cha sentimita 10 kwenye upande mmoja mrefu, na zimebaki 8.74. Chumba kilichohamiwa vizuri kingekuwa chumba kisichopangishika. Sheria iliyowekwa ili maskini asibanwe ikawa hoja ya kumwacha aungue, na sheria ya kulinda uzuri wa mji ikawa hoja ya pili. Wala sheria hizo hazikuwa mbaya. Kila moja ilitungwa na mtu aliyesimama mahali pake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesimama ndani ya chumba.

Wenye jumba walipiga kura. Walioishi orofa ya sita hawakuwa na kura, kwa kuwa tulikuwa wapangaji. Ikaamuliwa mteremko uwekewe sufu ya kioo na madirisha yaachwe kama yalivyo. Kwa macho ya barabarani kazi ilikuwa safi kabisa. Kipupwe kilipofika, chumba kilikuwa na joto kuliko miaka yote niliyokaa humo, na hapo ndipo kasoro ilipojionyesha. Mvuke ambao zamani ulitoka kila mahali sasa ulikuwa na mahali pamoja tu pa baridi pa kugota, nalo ni mashavu ya dirisha. Kufikia Desemba yalikuwa meusi kwa kuvu, chumbani kwangu na kwa bibi vilevile, na kitanda chake kilikuwa kimegusana na shavu la kulia. Mwanzoni mwa Januari alianza kukohoa. Nusu ya kinga haikuwa imeondoa madhara. Iliyakusanya yote mahali pamoja, palipokuwa karibu na kichwa cha mtu.

Tangu hapo mambo yamesogea. Sheria ya kwanza ya Ufaransa ya kuhami joto ilitoka mwaka 1974, baada ya mafuta kupanda bei, lakini iliyahusu majengo mapya tu. Majumba ya zamani yalianza kuguswa mwaka 2007. Tangu Januari 2017, anayefanya ukarabati mkubwa wa paa analazimika kuweka kihami papo hapo, isipokuwa pale hifadhi ya majengo au ufundi unapozuia, na pale ndipo madirisha ya paani hupata mlango wa kutokea. Sheria ya Agosti 2021 nayo iliweka kwamba kuanzia Januari 2025 nyumba za daraja la mwisho katika upotezaji wa nishati zisipangishwe tena. Vyumba vingi vya darini vimo katika daraja hilo. Mafundi wameanza kutumia mbao laini za nyuzi za miti badala ya sufu ya kioo, kwa sababu uzito wake huchelewesha joto la mchana lisiingie mpaka usiku unapopoa. Na Desemba 2024 UNESCO iliuandika ufundi wa waezekaji zinki wa Paris katika orodha ya urithi wa binadamu. Nilifurahi, maana nimeiona mikono ya mafundi wale. Ila niliwaza pia kwamba tarehe 25 Julai 2019 mji huohuo ulifikia nyuzijoto 42.6, rekodi yake, na kwamba urithi huo una upande wa juu unaopigwa picha na upande wa chini ambako watu hulala.

Nimeyaandika haya nikijua kwamba huku kwetu nyumba za bati zinaongezeka kila mwaka, na mara nyingi silingibodi huonekana kuwa anasa ya kuongezwa baadaye fedha zikipatikana. Mafundi wetu ni hodari, na vihami havikosekani: sufi, makumbi ya nazi, hata nafasi ya hewa iliyoachwa kwa akili baina ya bati na dari. Swali si la ufundi. Anayejenga nyumba ya kupangisha, au anayekarabati ya urithi, na apande mwenyewe saa nane mchana mwezi wa Februari, akae nusu saa chini ya bati alipopapangia kulala mtumishi, mwanafunzi au mama yake mzee. Kisha ndipo ateremke akapige hesabu ya gharama.